Kurusha mafaili kati ya simu na kompyuta: Bluetooth, Quick Share, LocalSend, waya, flashi au WhatsApp?

Simu na laptopu ziko juu ya meza moja, hazijaachana hata nusu mita, na video ya harusi yenye GB 1.5 inapandishwa WhatsApp ili ishuke upande wa pili. Video hiyo inasafiri hadi kwenye seva za mbali, kisha inarudi chumbani humo humo. Bando linaliwa mara mbili: GB 1.5 kupanda na GB 1.5 kushuka, jumla GB 3. Tena kama imetumwa kama video ya kawaida badala ya hati, inafika imepunguzwa ubora. Umbali wa nusu mita una njia za bure, na karibu zote ziko tayari ndani ya vifaa hivyo viwili.

Kabla ya kuchagua, angalia kwanza mpokeaji yuko wapi. Akiwa nawe chumbani, achana na intaneti kabisa. Akiwa Mwanza na wewe uko Mombasa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya WhatsApp na Drive huko chini. Kisha angalia uzito wa faili, halafu aina ya vifaa, maana kuna njia zinazokubali Android pekee na nyingine hazijali.

| Njia | Muda wa GB 1 | Bando | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Bluetooth | saa 1 na dakika 20 hivi | halitumiki | mafaili makubwa, iPhone |
| Quick Share | sekunde 30 hadi dakika 4 | halitumiki ukizima data | simu zisizo na huduma za Google |
| LocalSend | dakika 1 hadi 8 | halitumiki | Wi-Fi za hoteli na vyuo |
| Waya wa USB | sekunde 30 hadi dakika 1 | halitumiki | waya wa chaji tu, Mac |
| Flashi | dakika 3 hadi 6, kuandika na kusoma | halitumiki | virusi. Faili linalozidi GB 4 |
| WhatsApp | hutegemea mtandao | GB 1 kila upande | mwisho GB 2 |

Muda huo ni wa vifaa vya kawaida, si vya bei mbaya. Simu yenye Wi-Fi ya 5 GHz, masafa ya kasi zaidi, itakuwa upande wa haraka wa makadirio, na simu ya bei nafuu yenye 2.4 GHz pekee itakuwa upande wa polepole.

Bluetooth: kwa vitu vidogo tu

Kasi ya Bluetooth ya kawaida haizidi megabiti 3 kwa sekunde hata kwa hesabu za karatasini, na megabiti 8 ndizo zinazofanya megabaiti 1. Ukitoa kinacholiwa na mazungumzo ya vifaa vyenyewe, kinachobaki ni KB 200 hivi kwa sekunde. Wimbo wa MB 5 unafika chini ya nusu dakika. Filamu itakukuta umelala.

Inafaa kwa namba ya simu, PDF ya kurasa chache, au pale kifaa kimoja ni kitochi kisicho na Wi-Fi. Kutoka Android kwenda iPhone usihangaike, kwa sababu iPhone haipokei mafaili kwa Bluetooth kutoka simu ya Android. Kwenda Windows inakubali, lakini kuna hatua ambayo wengi huiruka na kudhani kompyuta ni mbovu: lazima uiambie ipokee kabla simu haijatuma. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Bluetooth karibu na saa, chagua «Receive a File», acha dirisha likisubiri, ndipo utume kutoka kwenye simu. Usipofanya hivyo, simu inasema faili halikutumwa bila kueleza sababu.

Quick Share: ya kwanza kujaribu kati ya Android na Android

Google iliianzisha Agosti 2020 kwa jina la Nearby Share, na Januari 2024 ikaunganishwa na Quick Share ya Samsung na kubaki na jina hilo. Imo ndani ya huduma za Google Play, kwa hiyo simu ya Android 6 na kuendelea inayo bila kupakua kitu. Hutumia Bluetooth kutafutana tu. Simu zikishaonana, zinafungua Wi-Fi ya moja kwa moja baina yao na mzigo unapita huko. Ndiyo maana haihitaji ruta wala bando.

Anayepokea ashushe paneli ya juu ya skrini mara mbili, aguse Quick Share na aruhusu kuonekana na kila mtu kwa dakika 10. Anayetuma afungue faili, aguse alama ya kushiriki, achague Quick Share, asubiri jina la mwenzake litokee, aliguse. Mpokeaji akikubali, kazi imeanza. Mafaili hutua ndani ya folda ya Download, kwenye folda ndogo yenye jina la Quick Share.

Majina yasipotokea, karibu kila mara kosa ni mojawapo ya haya: Bluetooth imezimwa upande mmoja, Wi-Fi imezimwa, au ruhusa ya mahali imezimwa. Hiyo ya tatu huwashangaza watu, lakini simu nyingi za Android, hasa za matoleo ya zamani, haziruhusu kutafuta vifaa vya jirani bila kuwasha mahali. Pia washa skrini ya mpokeaji, maana simu iliyolala haionekani.

Upande wa bando, ingia kwenye mipangilio ya Quick Share na uzime matumizi ya data ya simu, kwa kuwa baadhi ya matoleo huruhusu kumalizia uhamisho kwa intaneti simu zikiachana. Kwenye Samsung, kitufe cha kutengeneza kiungo ni jambo jingine kabisa: faili hupandishwa kwenye seva na bando linaliwa.

Kwa kompyuta kuna Quick Share ya Windows, inayotaka Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi na kompyuta yenye Bluetooth. Inafanya kazi vizuri kwenye laptopu za miaka ya karibuni. Kwenye kompyuta za mezani zilizotumika, ambazo nyingi hazina Bluetooth, imekwisha kabla haijaanza.

Na kuna kundi la simu zisizoweza kuitumia: Huawei zilizotoka baada ya kampuni hiyo kukosa huduma za Google mwaka 2019. Wenye simu hizo waende LocalSend.

LocalSend: ndiyo inayostahili kuwekwa kila kifaa

Hii ni programu ya bure, ya chanzo huria, haina matangazo, haitaki akaunti wala namba ya simu. Iko kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na zote zinaelewana. Ukiwa na nyumba au ofisi yenye vifaa mchanganyiko, hakuna nyingine inayoifikia. Ipakue kwenye Play Store, App Store au tovuti yake ya localsend.org, si kwenye tovuti za kuokota.

Sharti lake ni moja: vifaa vyote viwe kwenye mtandao mmoja wa ndani. Mtandao huo si lazima uwe na intaneti. Ukifungua programu, kifaa chako hujipa jina la tunda lenye sifa fulani, mfano Cute Apple, ambalo unaweza kulibadilisha. Kwenye kifaa kinachotuma gusa «Send», chagua mafaili, folda au hata maandishi, kisha gusa jina la kifaa cha pili. Upande wa pili unakubali. Mafaili husafiri yakiwa yamefichwa kwa HTTPS, hivyo jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo hawezi kuyasoma njiani.

Kama hakuna ruta, fungua hotspoti kwenye simu ya Android na uiunganishe laptopu. Lakini kabla ya hapo zima data ya simu, uache hotspoti peke yake. Hatua hii ni ndogo na inaokoa bando zima. Laptopu ya Windows ikinusa Wi-Fi yenye intaneti huanza kushusha masasisho yake, OneDrive inapandisha picha, kivinjari nacho kinajisasisha. Unahamisha MB 300 za picha bila kugharimia chochote, huku nyuma yake GB 2 za bando zimekwenda. Data ikiwa imezimwa, hotspoti inabaki kuwa daraja tupu la kati ya vifaa viwili, na hicho ndicho LocalSend inachohitaji. iPhone haikubali kufungua hotspoti data ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukiwa na iPhone na Android, hotspoti ifunguliwe kwenye Android.

Hotspoti ina faida nyingine. Kwa kawaida faili linapopita kwenye ruta husafiri hewani mara mbili, kutoka simu hadi ruta na kutoka ruta hadi laptopu, na safari zote mbili zinagawana hewa moja. Hotspoti ikiwa kwenye simu inayotuma, safari ni moja. Kwenye mtandao wa 2.4 GHz uliojaa majirani, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Kama simu ina chaguo la 5 GHz kwenye mipangilio ya hotspoti, ichague.

Malalamiko makubwa ya LocalSend ni vifaa kutoonana. Fuata mpangilio huu, ukijaribu tena baada ya kila hatua.

Kwanza hakikisha jina la Wi-Fi ni lile lile pande zote. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na aliye kwa wageni haoni walio ndani. Zima VPN pande zote mbili. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao na ubadilishe kutoka «Public» kwenda «Private», kwa sababu ikiwa Public Windows huifunga kompyuta isionekane na jirani. Bado? Fungua mipangilio ya ngome ya Windows na uiruhusu LocalSend, au ruhusu mlango namba 53317 kwa TCP na UDP. Kwenye iPhone, ingia Settings, tafuta LocalSend, na uhakikishe «Local Network» imewashwa. Watu wengi huikataa ruhusa hiyo siku ya kwanza, kisha programu inakaa kipofu.

Kama uko hotelini, chuoni au kwenye mgahawa, usipoteze muda. Ruta za huko huwekwa makusudi zisiruhusu kifaa cha mteja mmoja kukiona cha mwingine. Fungua hotspoti yako na uhame.

Uhamisho ukianza, acha programu wazi pande zote. Android yenye kiokoa betri kikali huiua programu skrini inapozimika, na iPhone huisimamisha ukitoka kwenda kusoma meseji. Faili lililokatika katikati huanza upya, haliendelei lilipoishia. Kwa video ya GB 6 jambo hilo linauma, na hapo ndipo waya unaposhinda.

Kuna pia PairDrop, inayofanya kazi kama hii ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ukurasa wenyewe unahitaji intaneti kufunguka, lakini vifaa vikiwa kwenye Wi-Fi moja mzigo hupita ndani. Ni nzuri kwenye kompyuta ya ofisi isiyoruhusu kusakinisha programu.

Xender na SHAREit

Programu hizi mbili za kurusha mafaili zilipendwa kwa sababu nzuri: zilifungua hotspoti zenyewe wakati Android haikuwa na njia yake ya haraka, na zilirusha hata programu zenyewe, kwa hiyo rafiki alipata mchezo wa MB 400 bila bando. Leo sababu hizo zimepungua nguvu. Matangazo ni mengi na ruhusa zinazoombwa ni nyingi kuliko kazi yenyewe inavyohitaji. Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza udhaifu ndani ya SHAREit ya Android ulioweza kumruhusu mtu kuchota data ya simu. SHAREit baadaye ikasema imeziba. Hata udhaifu ukiwa umezibwa, programu ya kuhamisha mafaili inashika kila kitu ulichonacho, hivyo iwe ile inayoomba kidogo.

Kuhusu kurusha programu, Play Store yenyewe inaweza. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, utaona chaguo la kushiriki programu. Mmoja anagusa kutuma, mwingine kupokea. Programu inapita simu kwa simu na Play Store inaikagua. Hiyo ni salama zaidi kuliko APK (faili la kusakinishia programu) iliyopita mikono kumi, ambayo hakuna ajuaye nani aliifungua na kuongeza nini ndani.

Waya: mzigo mkubwa

Picha 4,000 za miaka mitatu, au video za GB 40, zihamishe kwa waya. USB 2.0 hutoa MB 25 hadi 35 kwa sekunde katika matumizi halisi, haikatikatiki, na simu inapata chaji wakati huo huo.

Unganisha, fungua kufuli ya simu, shusha paneli ya arifa, gusa ile inayosema simu inachajiwa kwa USB, na uchague «File transfer». Kwenye Windows simu itaonekana ndani ya This PC. Picha za kamera ziko DCIM, za WhatsApp ziko Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media.

Folda ikionekana tupu, simu imefungwa au bado iko kwenye kuchaji tu. Simu isipoonekana kabisa, shuku waya. Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Waya mwingi wa bei ya chini unaouzwa barabarani hauna zile mbili za data. Unachaji vizuri na hautakaa uhamishe faili, hata ubadilishe kompyuta tatu. Chukua uliokuja na simu.

Kosa baya zaidi kwenye waya ni kutumia kukata na kubandika. Njia ya MTP ambayo Android hutumia haivumilii kukatika, na waya ukilegea katikati unaweza kukuta faili haliko huku wala kule. Nakili, hakikisha, ndipo ufute. Na usinakili picha 4,000 kwa mpigo. Chukua 500 hivi kila mara, la sivyo Windows hukaa dakika kadhaa ikihesabu na huwezi kujua imekufa au inafanya kazi.

Mac haielewi MTP, kwa hiyo Android na Mac kwa waya ni usumbufu. Tumia LocalSend.

iPhone na Windows zinaelewana kwa waya, ila bila programu ya ziada ni kwa picha na video tu. Ikitokea skrini ya simu inauliza kama unaiamini kompyuta, kubali. Kuna hitilafu inayojirudia: katikati ya kunakili, Windows inasema kifaa kilichounganishwa hakifanyi kazi. Sababu ni kwamba iPhone inajaribu kuzigeuza picha kutoka HEIC, aina ya faili la picha la iPhone, kwenda JPEG ya kawaida wakati zinasafiri, na mara inashindwa. Ingia Settings, Apps, Photos (kwenye iOS za kabla ya 18, Photos iko moja kwa moja ndani ya Settings), shuka hadi sehemu ya kuhamishia Mac au PC, badilisha kutoka «Automatic» kwenda «Keep Originals». Uhamisho utatulia. Picha zitafika zikiwa HEIC, na Windows isiyozifungua itahitaji nyongeza ya HEIF ya bure kutoka Microsoft Store.

Kati ya iPhone na iPhone au Mac, AirDrop, njia ya Apple yenyewe, inatosha, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Angalizo moja tu: tangu iOS 17.1 AirDrop inaweza kuendelea kwa intaneti mkiachana kabla haijamaliza. Zima kwenye Settings, General, AirDrop, sehemu ya data ya simu. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share inaweza kuzungumza na AirDrop, ikianza na simu yake ya Pixel 10. iPhone lazima iwekwe ionekane na kila mtu kwa dakika 10. Kwa wenye simu zisizo na uwezo huo, LocalSend ndiyo daraja.

Flashi

Flashi ya ncha mbili, USB-C upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili, inachomekwa kwenye simu moja kwa moja. Inafaa pale faili linapomfuata mtu asiye na wewe wala mtandao.

Faili likizidi GB 4 flashi hukataa hata ikiwa na nafasi ya GB 50. Imeandaliwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofika GB 4. Iandae upya iwe exFAT: kwenye Windows bofya kitufe cha kulia, «Format», chagua exFAT. Kila kitu kilichomo kitafutika, kwa hiyo toa kwanza. NTFS iepuke, simu nyingi haziisomi.

Flashi inayoandikwa 512 GB kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo. Ndani inaweza kuwa na GB 8, na ikijaa inaandika juu ya mafaili ya zamani bila kulalamika, ukija kufungua yote yameharibika. Usiandikie mate na wino upo: pima kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, kabla hujaiamini.

Ukitoka na flashi stesheneri na kukuta folda zote zimegeuka njia za mkato, mafaili kwa kawaida hayajafutika. Kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato zinazokiamsha. Usizibofye. Ichomeke kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi, ikague, kisha fungua Command Prompt na uandike, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatarudi kuonekana. Nakili unayohitaji, kisha uiandae flashi upya.

WhatsApp, Telegram na Drive: mpokeaji akiwa mbali

WhatsApp inapokea hati hadi GB 2. Tatizo lake ni picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikitumwa kawaida hushuka hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu. Kwenye skrini ya simu huoni tofauti. Ichapishe kwenye karatasi ya A4 na utapata pikseli 137 kwa inchi badala ya zaidi ya 300, sura ya bibi harusi ikitoka kama imepakwa maji. Kitufe cha HD kinapunguza hasara, hakiiondoi. Kwa picha ya kuchapisha, gusa alama ya kuambatisha, chagua «Hati», kisha tafuta picha hiyo kwenye mafaili. Inafika kama ilivyotoka kwenye kamera.

Jua tu kwamba picha iliyotumwa kama hati inabeba pia taarifa zake za ndani, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera ilikuwa inaandika mahali. Kwa mpiga chapa haidhuru. Kwa mtu usiyemjua anayenunua sofa yako, tuma kama picha ya kawaida.

Telegram nayo hukomea GB 2 kwa faili, GB 4 kwa wanaolipia, na mafaili yanabaki kwenye wingu lake, kwa hiyo unaweza kuyashusha tena mwezi ujao kwenye kifaa kingine. Google Drive inatoa GB 15 bure, ila nafasi hiyo inagawanywa na Gmail na Google Photos. Ikijaa kwa picha, barua pepe nazo zinaacha kuingia. Drive inashinda pale faili moja linaenda kwa watu kumi: unapandisha mara moja tu, kila mmoja anashusha kwa wakati wake. Gmail yenyewe hukomea MB 25 kwa kiambatisho.

Kuchapisha stesheneri au saiba

Hapa wengi hufungua WhatsApp yao kwenye kompyuta ya dukani kwa kuskani msimbo, wanachapisha, wanalipa, wanaondoka. Meseji zote zinabaki wazi mbele ya mtu wa zamu. Ni afadhali flashi yenye hati hiyo peke yake, au kuituma kwenye barua pepe ya duka. Kama umeshaskani, fungua WhatsApp kwenye simu, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, gusa jina la kompyuta ile na uiondoe. Unaweza kufanya hivyo hata ukiwa umeshafika nyumbani. Fanya leo kama uliwahi kuskani mahali.

Kabla ya kufuta kwenye simu

Usilinganishe GB kwa GB. Simu nyingi huhesabu GB 1 kama baiti bilioni 1, Windows huhesabu kwa 1024, kwa hiyo video ya GB 1.5 kwenye simu itaonekana GB 1.39 au 1.40 kwenye kompyuta bila kupotea kitu. Kwenye Windows bofya kitufe cha kulia juu ya folda, «Properties», usome idadi ya mafaili na baiti kamili zilizoandikwa kwenye mabano. Linganisha idadi hiyo na ile ya folda ya kwenye simu. Kisha fungua video mbili tatu kubwa na uburute hadi sekunde za mwisho, maana video iliyokatika njiani hujionyesha huko mwishoni au haifunguki kabisa.

Baada ya kufuta, nafasi haitarudi papo hapo. iPhone huweka vilivyofutwa kwenye «Recently Deleted» kwa siku 30, na Google Photos ina pipa lake pia. Acha vikae humo wiki moja, urudi kukagua kompyuta, ndipo umwage pipa.